Mtaalamu wa tiba ya usemi: anafanya nini, utampata wapi, na kijana wako anawezaje kusomea kazi hii

Kiswahili kina jina kwa karibu kila tatizo la kusema. Mtu anayekwama kwenye neno ana kigugumizi. Anayeshindwa kuitamka vizuri sauti ya s ana kithembe. Anayeongea puani ana king'ong'o. Lakini waulize akina mama waliokaa kwenye benchi la kliniki jina la mtu anayetibu matatizo hayo, na wengi watakutazama tu. Watakutajia daktari wa masikio, mwalimu, mganga au mchungaji.

Mtu huyo yupo. Anaitwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Hospitalini utasikia wengine wakisema kwa kifupi "mtu wa spichi". Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, si mtaalamu wa usemi, na ninayoandika hapa ni yale ambayo mama anahitaji kuyajua kabla hajafika kwake. Nusu ya pili ya ukurasa ni kwa ajili ya kijana uliye naye nyumbani, yule wa kidato cha pili au cha tatu anayependa masomo ya sayansi na bado hajui aende wapi. Wataalamu hawa ni wachache mno nchini, na huku kwetu Dodoma, Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni uchache huo tunauona kila wiki.

Kazi yake hasa ni nini?

Wengi hudhani anafundisha watoto kuongea kama mwalimu anavyofundisha kusoma. Hiyo ni sehemu tu. Kwanza anapima. Anataka kujua kama mtoto anasikia, kama anaelewa anachoambiwa, kama ulimi, midomo na kaakaa vinafanya kazi sawasawa, na kama mtoto ana hamu ya kuwasiliana na watu. Mtoto asiyesema anaweza kuwa na tatizo moja kati ya hayo au mawili kwa pamoja, na tiba ya kila moja ni tofauti. Mtoto asiyesikia hawezi kusaidiwa kwa mazoezi ya ulimi. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na ulimi mzima kabisa na masikio mazima, lakini haoni sababu ya kukuita.

Baada ya kupima, anapanga mazoezi na kumfundisha mzazi namna ya kuyafanya nyumbani. Hapo kina mama wengi huvunjika moyo, kwa sababu walitegemea dawa au sindano. Tiba ya usemi ni kazi ya miezi, wakati mwingine miaka, na sehemu kubwa inafanyika jikoni kwako na siyo hospitalini.

Anawahudumia pia watu wazima. Baba aliyepata kiharusi akaamka anaelewa kila kitu lakini maneno hayatoki, huyo ni mgonjwa wake. Mwalimu aliyepotelewa na sauti baada ya miaka ya kupaza sauti darasani ni mgonjwa wake pia.

Kumeza: sehemu ya kazi hii isiyotajwa sana

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili linahusu uhai wa mtoto.

Misuli tunayotumia kusema ndiyo ileile tunayotumia kumeza. Kwa hiyo mtaalamu wa usemi amesomea pia matatizo ya kumeza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hawezi kuongoza vizuri ulimi na koo. Uji badala ya kwenda tumboni unaponyokea kwenye njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu. Wakati mwingine mtoto anakohoa na unaona, lakini wakati mwingine hakohoi kabisa. Unachokiona wewe ni nimonia inayorudi kila baada ya wiki chache, na mtoto asiyeongezeka uzito ingawa unamlisha saa nzima.

Kama unamlea mtoto wa namna hiyo, usimlishe akiwa amelala chali, hata kama ndivyo ulivyoonyeshwa na wakubwa. Mkalishe wima, kichwa kikiwa katikati, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani na si kuangalia juu. Kama hawezi kukaa, mpakate na umwegemeze mwili wako. Tumia kijiko kidogo. Weka uji kidogo, subiri ameze, hakikisha mdomo ni mtupu ndipo uongeze. Uji mzito kiasi mara nyingi humezeka kwa usalama zaidi kuliko maji au uji mwepesi unaokimbia, lakini uzito unaofaa hutofautiana kwa kila mtoto, na huyo mtaalamu ndiye anayeweza kukupimia. Usimbane pua ili afungue mdomo. Ukiona anakohoa, macho yanatoka machozi, anabadilika rangi au sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kumlisha. Hali hiyo ikijirudia, mpeleke kituo cha afya na useme wazi, "Mtoto wangu anapaliwa kila anapokula."

Maneno hayo yaseme hivyohivyo. Ukisema tu "mtoto ana kifua", utapewa dawa ya kifua na kurudi nyumbani.

Umri gani uanze kuwa na wasiwasi?

Watoto hutofautiana, na bibi hakosei anapokuambia kwamba baba yake naye alichelewa. Lakini kuna mipaka. Mtoto mchanga anatakiwa ashtuke kwa kelele kubwa. Karibu na miezi sita anacheza na sauti, ba-ba-ba, ma-ma-ma. Akifikisha mwaka mmoja anageuka ukimwita jina, ananyoosha mkono kuomba kitu, na huenda ana neno moja au mawili. Mwaka mmoja na nusu awe na maneno kadhaa yanayoeleweka hapo nyumbani na aweze kufuata agizo rahisi kama "leta kikombe" bila wewe kumwonyesha kwa kidole. Miaka miwili awe anaunganisha, "mama njoo", "nipe maji". Miaka mitatu hata mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema.

Kuna dalili moja ambayo haisubiri umri wowote, nayo ni mtoto aliyekuwa anasema maneno kisha akayaacha. Huyo mpeleke sasa.

Wapeleke wakapimwe usikivu pia watoto waliougua homa ya uti wa mgongo, waliozaliwa kabla ya wakati, waliokuwa na manjano makali siku za mwanzo, na wanaotoka usaha masikioni mara kwa mara. Usaha hautibiwi kwa kumimina mafuta ya taa, maziwa ya mama wala maji ya majani. Kausha kwa kitambaa safi kinachofyonza, kisha nenda kituoni.

Kuna mambo mawili nayasikia sana. La kwanza ni udata, ule utando mdogo chini ya ulimi. Watu hukimbilia kuukata kwa wembe wakiamini ndiyo sababu mtoto hasemi. Utando uliobana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumfanyi mtoto wa miaka mitatu akose maneno kabisa. Ukiukata nyumbani unapata jeraha, damu na hatari ya maambukizi, na tatizo lenyewe linabaki palepale. Vilevile kukata kimio. La pili ni lugha mbili. Mama anaambiwa aache kuongea Kigogo na mtoto kwa sababu eti kinamchanganya. Si kweli. Mtoto anaweza kukua na Kigogo cha bibi na Kiswahili cha jirani bila kudhurika. Zungumza naye lugha unayoijua vizuri, ile unayobembelezea na kugombezea.

Mdomo sungura

Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa anahitaji upasuaji, na upasuaji upo. CCBRT ya Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikiufanya kwa miaka mingi. Mdomo kwa kawaida hufungwa mtoto akiwa na miezi michache na uzito mzuri, kaakaa baadaye, mara nyingi kabla hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo kazi yako ni uzito. Kama mpasuko umefika kwenye kaakaa, mtoto hawezi kuvuta titi vizuri, kwa hiyo kamua maziwa na umnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko akiwa amekaa wima.

Ambacho wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba upasuaji unafunga tundu lakini hauondoi mazoea. Mtoto aliyechelewa kufungwa kaakaa amejifunza kusema kwa kupitisha hewa puani, na baada ya kushonwa anaweza kuendelea na king'ong'o. Hapo ndipo mtaalamu wa usemi anapoingia, kumfundisha upya hewa ipite wapi. Ukienda kwenye upasuaji, usiondoke bila kuuliza kuhusu hilo.

Utampata wapi ukiwa huku kwetu?

Anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu, ukiwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Omba rufaa. Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita General, na kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Huko utaonana na daktari wa masikio, pua na koo na wa watoto. Uliza moja kwa moja, "Je, kuna mtaalamu wa usemi hapa au anayekuja kwa ratiba? Kama hayupo, mnanipeleka wapi?" Wengi bado huelekezwa Dar es Salaam, Muhimbili hasa. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imepunguza safari hadi takribani saa nne, ambayo ni nafuu kwa mama aliyebeba mtoto, ingawa nauli, chakula na mahali pa kulala bado ni vyako. Kama huna uwezo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla hujakata tamaa.

Ukikutana na mtu anayejitangaza mtaani au kwenye simu kwamba anatibu watoto wasiosema, muulize alisoma wapi na amesajiliwa na nani. Mtaalamu wa kweli hachukii swali hilo. Na anayekuahidi mtoto atasema ndani ya siku saba, achana naye.

Kwa mtoto aliyethibitika kuwa kiziwi, mpe Lugha ya Alama mapema. Nawaona wazazi wanaoikwepa wakiogopa kwamba mtoto atakuwa mvivu wa kusema. Mtoto asiye na lugha yoyote hadi miaka saba ndiye anayepoteza zaidi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kitakuelekeza kwenye shule na watu wa kukufundisha.

Kwa nini ni wachache hivi?

Kwa sababu hadi juzi hapakuwa na mahali pa kuwasomesha. Marekani chama cha wataalamu hawa kilianzishwa mwaka 1925. Afrika Mashariki shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kabla ya hapo, aliyetaka kusomea alilazimika kwenda mbali, na wengi waliofanya kazi hii katika nchi zetu walikuwa wageni wa kujitolea waliokaa mwaka mmoja au miwili wakaondoka.

Kuna jambo lingine lililosukuma mbele taaluma hii nchini. Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa upasuaji kwa watoto waliozaliwa bila kusikia. Kifaa hicho hakimfanyi mtoto asikie na kuelewa siku hiyohiyo. Kinampa sauti ambazo ubongo wake haujawahi kuzijua, na mtu lazima amfundishe hatua kwa hatua kwamba ile ni sauti ya jogoo, ile ni mvua, ile ni jina lake. Bila mtu wa kumfundisha, upasuaji wa gharama kubwa unabaki nusu. Ndiyo maana ni jambo la maana kwamba Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, sasa kina shahada inayounganisha mambo mawili, upimaji wa usikivu na tiba ya usemi na lugha. Kijana wa Kitanzania anaweza kuisomea Dar es Salaam.

Sasa tuje kwa kijana wako

Nianze na sababu inayotuhusu sisi wa huku kati.

Kazi hii haifanyiki kwa lugha ya kuazima. Daktari wa mifupa anaweza kutoka nchi yoyote na mfupa ukabaki mfupa. Mtaalamu wa usemi lazima ajue mtoto wa hapa anatakiwa aseme nini na lini. Mkoa wa Dodoma peke yake una Kigogo na Kirangi, ambazo ni za Kibantu. Una Kiburunge, chenye asili ya Kikushi. Na una Kisandawe cha Chemba, kuanzia Kwa Mtoro hadi Farkwa, chenye sauti za vidoko zinazotamkwa kwa kudosha ulimi, sauti ambazo lugha chache sana duniani zinazo. Mtaalamu aliyesomea kwa vitabu vya Kiingereza akimpima mtoto wa Kisandawe bila kuijua lugha yake, ataamuaje kama mtoto anachelewa au anasema sawasawa kwa lugha ya mama yake? Hata Kiswahili chenyewe ni mtihani. Mtoto wa Kiingereza huhesabiwa maneno mawili anaposema "nataka maji". Je, "nakitaka" lihesabiwe neno moja au matatu? Na watu wengi wa lugha zetu huchanganya r na l. Hiyo ni lafudhi, si ugonjwa, na asiyejua atamwandikia mtoto mzima tiba.

Kijana aliyekulia Kondoa au Chamwino anayajua mambo haya bila kufundishwa. Sisemi hivyo kumsifu. Ni sifa halisi ya kazi, kama vile kuogelea kwa mvuvi.

Ni kijana wa aina gani?

Watu hudhani ni yule msemaji sana. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Ni yule anayeweza kukaa na mtoto mdogo nusu saa, akarudia kitu kilekile mara ishirini na bado akacheka. Anayesikiliza. Anayegundua kwamba mdogo wake anasema "tuku" badala ya "kuku" na akajiuliza ulimi wake unagusa wapi. Asiyechukizwa na mate wala uji uliotemwa. Avumilie pia maendeleo ya polepole, kwa sababu kuna watoto ambao baada ya mwaka mzima ushindi wao ni neno "ndiyo" au kunyoosha kidole kwenye picha. Wavulana wasijione wametengwa. Baba wengi huongea kwa uhuru zaidi na mwanamume mwenzao, hasa baada ya kiharusi.

Njia yenyewe

Huko chuoni watasoma maumbile ya kinywa, koo, sikio na ubongo, ukuaji wa mtoto, na jinsi lugha inavyojengwa, kisha mafunzo kwa vitendo wodini na kliniki. Hiyo ni shahada. Kozi ya miezi mitatu inayoahidi kumtoa mtu akiwa mtaalamu kamili, mkimbie.

Safari inaanza sekondari. Kijana asiache Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hapa ndipo watoto wetu wa shule za kata hupotea, hasa wasichana, kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia na wote wanasukumwa kwenye masomo ya sanaa. Kama shule yake ina upungufu huo, mtafutie mtu wa kumsaidia mapema, hata mwanafunzi wa chuo aliyeko likizo. Akifika kidato cha nne, kwenye fomu ya machaguo aangalie tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, ile PCB, kwa kuwa kozi za afya kwa kawaida huangalia masomo hayo.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na kwa kawaida matokeo hutoka Julai, wakati dirisha la kuomba vyuo linapofunguliwa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila kozi, alama zinazotakiwa na idadi ya nafasi. Kipo bure kwenye tovuti yao. Msisitize akisome mwenyewe toleo la mwaka huo, asitegemee alichosikia kwa rafiki, kwa maana sifa hubadilika. Nafasi katika kozi za namna hii si nyingi, kwa hiyo aombe na kozi nyingine ya afya pembeni.

Kwa aliyekwisha kuwa kazini na stashahada ya afya, mlango nao upo. Kitabu hichohicho cha TCU kina sehemu ya sifa linganifu, yaani kuingia kwa stashahada badala ya kidato cha sita, na huko huangaliwa wastani wa alama za chuoni. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, tafuteni vyeti vyenu mapema.

Ada ni jambo zito. Bodi ya Mikopo, HESLB, hupokea maombi kila mwaka, na kozi za afya zimekuwa miongoni mwa zinazopewa kipaumbele. Makosa yanayowakosesha watoto wengi mkopo ni ya karatasi: jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne, au cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa na RITA. Mambo hayo ni ya mzazi au mlezi. Yashughulikie akiwa kidato cha tano, si wiki ambayo dirisha linafungwa.

Je, ajira ipo?

Sitakudanganya. Mahitaji ni makubwa kuliko nafasi za ajira zilizotangazwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ajira za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kada mpya huchukua muda kuingizwa kwenye ikama ya hospitali. Wanaohitimu huangalia pia hospitali za mashirika ya dini, vituo vya watoto wenye ulemavu, shule zenye watoto wenye mahitaji maalumu na kliniki binafsi. Hofu yangu ni kwamba kliniki binafsi ziko zaidi Dar es Salaam, ambako familia zinaweza kulipia kila kikao, kwa hiyo kijana wetu akisoma anaweza asirudi. Lakini kwa upande mwingine, Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na kadiri watoto wengi zaidi wanavyopimwa mapema ndivyo hospitali za mikoa zitakavyolazimika kuwa na mtu wa kuwapokea. Kijana anayeingia kidato cha tano leo atahitimu miaka kadhaa ijayo. Apime hali ya wakati huo pia, siyo ya leo peke yake.

Kama PCB haikuwezekana

Kuna kazi za jirani. Chuo Kikuu cha Dodoma hufundisha shahada ya ualimu wa elimu maalumu, na Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimekuwa kikiandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu kwa muda mrefu. KCMC ya Moshi hufundisha utengemao kwa njia ya shughuli za kila siku, yaani wale wanaomsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo kukaa, kushika kijiko na kuvaa. Ukalimani wa Lugha ya Alama nao ni kazi inayohitajika mahakamani, hospitalini na kwenye vyombo vya habari. Hakuna hata mmoja wa hawa anayechukua nafasi ya mtaalamu wa usemi, lakini wote hukutana na mtoto yuleyule.

Kijana anayetaka kujua kama kazi hii inamfaa, aanze likizo hii. Aombe ruhusa ya mwalimu mkuu akakae siku mbili tatu kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi iliyo karibu. Au akae na mtoto wa jirani aliyechelewa kusema wakati mama anachambua mlenda, amtajie majani, bakuli, maji, kisha anyamaze na kumsubiri mtoto. Kusubiri huko, kuhesabu moja hadi kumi kimyakimya bila kumjibia mtoto, ni zoezi la kwanza ambalo wataalamu hawa humfundisha mzazi. Aandike kwenye daftari mtoto alitoa sauti gani, mara ngapi, na alikuwa anaangalia nini. Kama siku ya tatu bado ana hamu ya kurudi, mpeni kitabu cha TCU aanze kukisoma.